Risasi za kwenda nazo mechi yako ya kwanza ya rivolva, mambo ya kuzingatia kabla hujatoka Arusha

Wengi wakishaamua kwenda kushindana kwa rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na matundu ya risasi, kitu cha kwanza wanachowaza ni mkanda na holsta ya kuchomeka bastola, afu risasi wanaziacha mpaka wiki ya mwisho kwamba watachukua boksi lolote lililopo dukani. Jamani risasi ndo ya kuanza nayo, maana unaweza ukawa na shabaha nzuri kabisa na bado ukarudi nyumbani bila pointi hata moja kwa sababu ya namba iliyoandikwa ubavuni mwa boksi na we hukuisoma.

Namba yenyewe ni kasi ya risasi, na sababu ni hii. Mashindano mengi ya bastola yana kitu kinaitwa pawa fakta, yaani kipimo cha nguvu ya risasi, unachukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito kinachoandikwa kwenye boksi), unazidisha kwa kasi yake kwa futi kwa sekunde, unagawanya kwa 1000. Boksi nyingi zinazotoka Ulaya zimeandikwa mita kwa sekunde, hapo zidisha kwanza kwa 3.28 ndo upate futi. Sasa kila chama kina kiwango chake cha chini: IDPA kwa rivolva ya kawaida wanataka 105, ICORE ambao mechi zao ndo za rivolva hasa wanataka 120, IPSC wanataka 125 kwa daraja dogo la nguvu na 170 kwa daraja kubwa. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi piga simu kwa waandaaji uulize mechi inafuata kitabu cha kanuni cha chama gani, usiridhike na jibu la "lete tu bastola yako".

Chukua .38 Special ambayo ndo risasi ya rivolva wengi wanaijua. Ile ya kawaida ya greni 158 mara nyingi boksi linasema kasi 755, piga hesabu unapata 119. IDPA umepita vizuri tu, ICORE umekosa kwa pointi moja, IPSC umekosa kabisa. Ile ya greni 130 yenye kasi 810 inakupa 105 na chembe, yaani umesimama ukingoni. Na zile za shabaha zenye kichwa bapa, greni 148, ambazo watu wanazipenda kwa sababu hazipigi teke na zinatoboa karatasi tundu safi, kwa kasi ya 700 zinatoa 103, hazifiki hata IDPA. Afu kuna boksi za greni 158 hizo hizo zilizoandikwa 890, hizo ni 140 na zinakuvusha kote isipokuwa daraja kubwa. Kwa macho zote ni .38, na muuza duka hana sababu ya kukuambia tofauti.

Na hiyo kasi ya kwenye boksi usiiamini moja kwa moja, kiwanda kinapima kwa mtutu wao na wewe mtutu wako ni mwingine. Rivolva ya inchi mbili inapoteza kasi nyingi ukilinganisha na ya inchi sita, tena kuna upenyo kati ya silinda na mtutu ambapo gesi inavuja, na upenyo huo haulingani kati ya bastola mbili hata za aina moja. Kwa hiyo tafuta mtu mwenye krono, kile kifaa cha kupima kasi, mkapime renji, uwanja wa kulenga shabaha, kwa bastola yako mwenyewe. Pima asubuhi ya baridi kama zile za Juni na Julai huku kwetu chini ya Meru, kwa sababu baruti nyingi zikipoa kasi inashuka. Kingine ambacho watu wengi hawakijui, ganda la .38 ni refu, limetoka enzi za baruti nyeusi, baruti ya siku hizi inajaza sehemu ndogo tu, hivyo ukiinua mdomo wa bastola juu kabla ya kupiga baruti inakaa nyuma karibu na praima, kile kifuniko kidogo kwenye kitako kinachowasha baruti, na kasi inapanda, ukiuinamisha chini kwanza kasi inashuka. Pima kwa njia zote mbili na uiamini ile namba ndogo. Mi ningetaka ibaki juu ya kiwango kwa pointi tano au zaidi, maana IPSC wakipima ukawa chini ya 125 unaendelea kupiga mpaka mwisho lakini hakuna alama inayoandikwa, na ni kitu cha kuumiza sana kwa mtu aliyesafiri.

Usikimbilie .357 Magnum, risasi ndefu na kali zaidi, kuponya hilo. Ni kweli rivolva ya .357 inakula na .38, kinyume chake hapana na usijaribu kabisa, lakini moto wa magnum kwa mtu wa mechi ya kwanza unamfanya akunje uso kabla hajabonyeza, na kasi yake ya risasi ya pili inakufa. Tena kama umezoea kupiga .38 kwenye silinda ya .357 safisha yale matundu vizuri, .38 ni fupi kwa milimita tatu na kitu na inaacha pete ya masizi ambayo baadae .357 inakwama hapo.

Umbo la kichwa nalo liangalie. Rivolva ya risasi sita unajaza mara nyingi kuliko wenye bastola za magazini, na kichwa cha mviringo kinateleza chenyewe kwenye tundu wakati kichwa bapa kinagonga ukingo. Jerry Miculek wa Marekani mwaka 1999 alipiga risasi sita, akajaza, akapiga sita nyingine kwa sekunde 2.99, na alikuwa na risasi za .45 ACP kwenye munklipu, kile kibati cha duara kinachoshika zote sita pamoja. Kama zako zinatumia munklipu kagua kila kimoja juu ya kioo, kilichopinda kidogo tu kinaikaba silinda isizunguke.

Idadi sasa. Waandaaji wanatoa idadi ndogo kabisa inayohitajika kumaliza mechi, tuseme 110. Hiyo ni kwa asiyekosa hata moja, na kwenye shabaha za vyuma utakosa. Zidisha kwa moja na nusu unapata 165, ongeza nane ambazo IPSC wanachukua kwa ajili ya krono, kwa hiyo boksi nne za 50 za siku yenyewe na nyingine mbili za kupima na kuzoea. Zote za loti moja, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, angalia namba ya loti kwenye boksi. Na kabla ya kununua idadi hiyo soma kibali chako kinakuruhusu nini, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hilo siyo la kukadiria.

Praima. Kama fundi amelegeza springi ili triga iwe laini, praima ngumu hazitalipuka zote, kwa hiyo piga angalau boksi zima kwa triga ndefu, yaani bila kuvuta nyundo nyuma kwanza kwa kidole, na uone kama kuna inayogoma. Halafu kaa mezani na zilizobaki, pitisha kidole nyuma ya kila ganda. Praima iliyokaa vizuri iko chini kidogo ya kitako, ukihisi kidole kinakwaruza kitu kilichotokeza hiyo weka pembeni, ndo inayosugua fremu na silinda inakuwa nzito katikati ya steji, yaani raundi moja ya mechi. Ukaguzi huu umalize siku moja kabla, kwa sababu siku ya mechi kwenye eneo la usalama unaruhusiwa kushika bastola tupu lakini risasi hairuhusiwi hata moja, ukiitoa hapo unafukuzwa mashindanoni.

Kama mechi iko Kenya, kibali cha Tanzania hakivuki Namanga na wewe. Anza mapema na polisi wa huku na mamlaka za kule mpaka uwe na karatasi za pande zote mkononi, zikitaja bastola na idadi ya risasi, na kama hazijatoka usisogee mpakani na hata risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti. Panda gari binafsi, siyo noah ya abiria, risasi kwenye boksi lake, bastola tupu kwenye kasha lingine lenye kufuli, vyote mbali na jua la kioo cha mbele.