Namna ya kukokotoa nishati mwendo bila kubishana na aliye barabarani

Wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Mtwara fomula wanaijua hata usingizini: nusu, mara masi, mara kasi kwa kipeo cha pili. Waulize sasa, kasi hiyo umeipima ukiwa wapi? Kimya. Basi tuanzie hapo.

Kabla hujagusa kikokotoo, andika juu ya karatasi "Napimia..." kisha utaje mahali: barabarani, ndani ya basi, kwenye feri ya Msangamkuu, popote, mradi pawe pametulia au panakwenda mwendo mmoja, bila kukata kona wala kufunga breki. Hiyo ndiyo fremu yako ya rejea. Kilo moja ya korosho iliyolala mezani sokoni ina nishati mwendo sifuri kwa muuzaji. Lakini kwa anayepimia kutoka katikati ya Dunia bila kuzunguka nayo, korosho hiyohiyo, kwa latitudo yetu ya Mtwara, inakwenda mita kama 457 kwa sekunde, na nishati yake inapita jouli 100,000. Wote wawili wamepata. Anayekuuliza ipi ndiyo ya kweli, mwambie akutajie kwanza anapimia wapi.

Sasa mfano wenye mtego. Basi la Lindi limeshaiacha Mikindani pamoja na kibao chake cha 50, linakwenda mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Konda yuko nyuma, anamrushia abiria wa mbele fuko la korosho la kilo moja, kwa mita 5 kwa sekunde. (Za kubanguliwa, bei tuiache.) Abiria akipimia ndani ya basi, fuko limetoka sifuri na kufika ½ × 1 × 5², yaani jouli 12.5. Mama anayeuza madafu kando ya barabara anaona mengine. Kabla ya kurushwa, fuko lilikuwa na ½ × 1 × 20², jouli 200. Baada ya kurushwa lina kasi ya 25, kwa hiyo jouli 312.5. Ongezeko ni 112.5.

Mkono ni uleule wa konda. Jouli 100 za ziada zimetoka wapi? Hapa wengi huanza kubuni msuguano na upepo. Angalia miguu ya konda. Anaposukuma fuko mbele, miguu inasukuma sakafu nyuma. Tuseme basi na watu wake ni tani 10 na dereva hajagusa mafuta: kasi ya basi inapungua kwa mita 0.0005 kwa sekunde. Hakuna abiria atakayeamka. Ila kwa mama wa madafu, masi hiyo kubwa imepungua kasi ikiwa tayari kwenye 20, na hasara yake ni 10,000 × 20 × 0.0005, yaani jouli 100 kamili. Kwa aliye ndani, basi limetoka sifuri na kurudi nyuma kidogo sana: ½ × 10,000 × 0.0005², jouli 0.00125, ambazo unaweza kuziacha. Konda ametoa 12.5, basi limetoa 100, hesabu ya mama imefunga.

Abiria akilidaka fuko, mambo yanageuka. Kwake jouli 12.5 zimeishia kiganjani, zimekuwa joto na maumivu kidogo. Kwa mama, fuko limepoteza 112.5, lakini abiria naye amelisukuma basi mbele na kulirudishia 100. Zimebaki 12.5, kiganjani palepale. Ndiyo maana nawaambia vijana wangu: nishati mwendo mtatofautiana kila mtu na yake, joto hamtofautiani. Mkipata joto tofauti, kuna aliyehama fremu katikati ya hesabu.

Kosa linalokula maksi nyingi ni kujumlisha nishati za fremu mbili. Mwanafunzi anachukua 200 za mama, anaongeza 12.5 za abiria, anaandika 212.5. Jumlisha kasi kwanza, 20 na 5, ndipo upandishe kipeo. Kile kipande kinachokosekana ni masi mara kasi ya basi mara kasi ya kurushwa, 1 × 20 × 5, zile 100 zetu.

Jipime: konda yuko mbele sasa, anarusha fuko kuelekea nyuma kwa mita 5 zilezile. Kwa mama, fuko linashuka kutoka jouli 200 hadi 112.5. Limepoteza 87.5, na huku konda ametumia 12.5 za mkono wake. Tafuta 100 zilipokwenda. Kama basi halimo kwenye jibu lako, rudia.