Namna ya Kuyasoma Matokeo ya Uchaguzi wa Wabunge wa 1965 Tanzania

Anayeifungua kwa mara ya kwanza orodha ya wabunge waliochaguliwa Tanzania Bara mnamo Septemba 1965 huona jambo moja tu, nalo ni kwamba wote ni wa TANU, chama kilichoongoza harakati za kudai uhuru. Akiishia hapo, ataamini kwamba hapakuwa na ushindani wowote, na atapitwa na uchaguzi ambao wapiga kura waliwaangusha mawaziri wakiwa madarakani. Maelezo yafuatayo ni kwa mwanafunzi, mwalimu wa historia au mtafiti anayetaka kuyatumia matokeo hayo vizuri.

Usianze na 1965 yenyewe. Anza na uchaguzi wa 1960, uliofanyika kabla ya uhuru wakati vyama vingi vikiruhusiwa. Katika viti 71 vya uchaguzi ule, 58 vilipata wabunge bila kupingwa, na TANU ilitwaa viti 70. Kiti kimoja kilichosalia, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwanachama wa TANU aliyejitokeza kupambana na mgombea rasmi wa chama chake. Kwa hiyo, katika majimbo mengi, mwananchi hakupata hata nafasi ya kutia karatasi sandukuni. Ukilielewa hilo, hutashangaa kuona kwamba waliotunga utaratibu wa 1965 walidai kumpa mpiga kura uchaguzi mpana zaidi, ijapokuwa walikuwa wakifuta vyama vingine. Dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote.

Baada ya hapo, soma hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi, za Tume ya Rais iliyoundwa Januari 1964 chini ya uenyekiti wa Rashidi Kawawa. Tume haikuulizwa kama nchi iwe na chama kimoja. Uamuzi huo ulikuwa umekwisha kufanywa, na kazi yake ilikuwa kupendekeza namna ya kuutekeleza. Msomaji asiyelijua hili huichukulia ripoti yake kama mjadala ulio wazi, kumbe mlango mmoja ulifungwa kabla kikao cha kwanza hakijaanza. Katiba ya Muda ya 1965 ndiyo iliyoupa mpango huo nguvu ya sheria, TANU ikiwa chama pekee Bara na Afro-Shirazi Zanzibar.

Sasa lichukue jimbo moja na ufuatilie safari ya mgombea hatua kwa hatua, kwa kuwa hapa ndipo penye mengi. Kwanza, mwanachama wa TANU alihitaji wapiga kura 25 wa kumdhamini. Kisha Mkutano Mkuu wa Wilaya wa chama uliwapigia wagombea kura ya siri na kuwapanga kwa idadi ya kura walizopata. Majina yakapelekwa kwenye Halmashauri Kuu ya Taifa, ambayo ndiyo iliyoteua wawili wa kusimama mbele ya wananchi. Mara nyingi Halmashauri iliridhia wawili wa juu, lakini ilikuwa na mamlaka ya kumruka mtu, na mara chache iliyatumia. Kwa kila jimbo, basi, jiulize ni nani aliyechujwa na kikao gani kilimchuja, maana walioshindwa mbele ya wananchi ni sehemu tu ya walioshindwa. Katika majimbo 107, wananchi walipiga kura kuchagua kati ya wawili katika 101. Katika 6 yaliyobaki mgombea alipita bila kupingwa.

Kampeni nazo zichunguzwe kwa karibu. Hakuna mgombea aliyeruhusiwa kuitisha mkutano wake mwenyewe. Wote wawili walipelekwa pamoja kwenye mikutano iliyoandaliwa na chama, wakaketi jukwaa moja mbele ya wasimamizi na kuzungumza kwa zamu. Lugha ilikuwa Kiswahili, hata pale ambapo lugha ya nyumbani ingeeleweka zaidi, na ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake ya nyumba. Kwa kuwa wote walikuwa wa chama kimoja chenye sera moja, hawakuweza kubishania mwelekeo wa nchi, na sehemu ya mabishano ikahamia kwenye alama zenyewe: kama nyumba hujengwa kwa jembe, au kama jembe nalo halina budi kulazwa nyumbani. Msomaji wa leo anaweza kucheka, lakini katika nchi ya wakulima mwenye jembe hakuwa na sababu ya kulalamika.

Unapopanga matokeo, achana na asilimia za chama, kwa kuwa hazikuambii kitu. Weka safu ya cheo alichokuwa nacho mgombea kabla ya uchaguzi, safu ya nafasi yake katika Mkutano wa Wilaya, na safu ya kura zake. Ukifanya hivyo utamwona Paul Bomani, Waziri wa Fedha aliyetokea kwenye vyama vya ushirika vya pamba vya Kanda ya Ziwa, akiangushwa Mwanza. Utamwona pia Bibi Titi Mohamed, aliyewahamasisha wanawake kujiunga na TANU wakati wa kudai uhuru, akipoteza kiti chake. Usikimbilie kusema kwamba kura hizo zilikuwa za kuipinga serikali. Mara nyingi mpiga kura alimpima mtu, yaani kama anaonekana jimboni na kama anasikiliza. Hata rangi haikuwa kizuizi: Derek Bryceson, Mzungu, na Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, wote walishinda.

Kura ya Rais iweke kando kabisa. Hapo mgombea alikuwa mmoja, Julius Nyerere, na jibu lilikuwa ndiyo au hapana. Ndiyo ilizidi asilimia 96. Kuichanganya na kura za wabunge ni kosa linaloharibu tasnifu nyingi. Zanzibar nayo isiingizwe katika hesabu ya majimbo, kwa kuwa wawakilishi wake katika Bunge la Muungano hawakupatikana kwa kura za wananchi.

Hatimaye, fuatilia kila jina hadi mwisho wa kipindi. Mbunge alilazimika kuwa mwanachama wa TANU, hivyo aliyefukuzwa chamani alipoteza na kiti chake. Mwaka 1968 hilo liliwakuta wabunge kadhaa, miongoni mwao Oscar Kambona na Joseph Kasella-Bantu, na hakuna mpiga kura wa majimbo yao aliyeulizwa.