Kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya mchango: jinsi ya kujiandaa ukiwa Kigoma

Wiki iliyopita nilikaa na mwalimu mmoja wa Ujiji. Anataka kupanda Kilimanjaro mwezi wa tisa ili achangishe fedha za vitanda vya kujifungulia, vipelekwe zahanati ya kijijini kwao kando ya ziwa. Aliniuliza anunue viatu gani. Nikamwambia mwalimu, tuanze na pesa.

Hatua ya 1: Tenganisha mafungu mawili

Kiingilio cha hifadhi, mwongozaji, wapagazi, bakshishi zao na nauli ulipe wewe, au mfadhili aliyekubali kulipia safari tu. Watangazie watu hivyo mapema. Elfu mbili ya mama anayeanika dagaa Kibirizi ni ya kitanda, isikukatie tiketi ya basi. Mtanzania analipa kiingilio nafuu kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho cha taifa usikisahau.

Hatua ya 2: Barua

Chukua barua ya zahanati yenye mahitaji yao, ipitishe kwa mtendaji na ofisi ya maendeleo ya jamii.

Hatua ya 3: Kupokea na kuandika michango

Hapa ndipo palinikesha. Mara yangu ya kwanza nilitoa namba ninayotumia kila siku. Siku ya kufunga hesabu, ahadi ziko kwenye kundi la WhatsApp, pesa ziko kwenye simu, na majina hayaonani. Mama niliyemwandika kwa jina la mwanawe, kwenye ujumbe anasomeka kwa jina la mumewe aliyesajili laini. Waliowekea kwa wakala wamekuja na jina la wakala. Na humo humo kuna kodi ya mpangaji wangu. Nilikaa na daftari mpaka adhana ya alfajiri, na 35,000 bado hazikupata mwenyewe.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Laini mpya, ya mweka hazina, isiyopokea kitu kingine chochote. Kila Ijumaa pesa inahamia akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Kila muamala unaandikwa siku hiyo hiyo kwenye kaunta buku, kwanza namba ya muamala, halafu kiasi, jina mwisho. Majina yanafanana, namba haifanani na nyingine. Asiyetaka kutajwa, andika "hakutaka jina", lakini namba yake iwepo.

Waombe watu watume na ya kutolea. Asiyetuma, makato yawe na safu yake. Usiyameze kwenye jumla. Ujumbe wa simu usifute hata baada ya kuunakili. Wanaotoa mkononi, sokoni au baada ya ibada, wapewe stakabadhi yenye nakala pale pale, si "nitakuandika jioni". Ahadi ziwe na ukurasa wake, na usizitangaze kama makusanyo. Wapo wanaopenda jedwali la kompyuta. Mimi nataka kitabu ambacho mzee yeyote wa kamati anaweza kukifungua.

Hatua ya 4: Njia na siku

Ziwa letu la Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, ni 5,895. Mkoani kwetu hakuna pa kuuzoesha mwili hewa ile: hata mlima Nkungwe kule Mahale, mita 2,462, uko chini ya kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, Mandara, chenye 2,700. Kwa hiyo usibane siku. Napendelea Marangu kwa sababu unalala kwenye vibanda, lakini iwe siku 6, na ile moja ya nyongeza ulale tena Horombo, kituo cha pili. Ya siku 5 simshauri mtu.

Tena usichangishe kwa ahadi ya "nikifika kileleni". Waambie wachangiaji kwamba kitanda kitanunuliwa hata ukiishia Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele. Nimemwona mtu akitapika na kuyumba huku anamficha mwongozaji, kwa sababu watu nyumbani walikuwa wanangoja picha. Kichwa kisichoacha kuuma, kutapika, kuyumba: sema, na ukiambiwa ushuke, shuka.

Hatua ya 5: Miguu na viatu

Kwa wiki kumi, panda kutoka stesheni hadi Mwanga ukiwa na dumu la lita 5 mgongoni. Kisha ushuke, maana kushuka ndiko kunakoumiza vidole. Kata kucha kabla ya safari.

Viatu vya mtumba ni vizuri, lakini vikunje kwa nguvu kabla ya kulipa. Vilivyokaa sana gundi hukauka na soli hubanduka njiani. Fanyia mazoezi viatu hivyo hivyo utakavyopandia.

Hatua ya 6: Bango na simu

Bango liwe la kitambaa, lienee mfukoni. Usiku wa kupanda kileleni, simu ikae ndani ya nguo, igusane na mwili, kwa sababu baridi inamaliza betri. Chupa ya maji igeuze mdomo chini: barafu huanzia juu.

Hatua ya 7: Ukirudi

Itisha kikao kabla ya kupumzika sana. Kaunta buku iwe mezani, risiti za vitanda pembeni yake, na mganga wa zahanati asaini kupokea mbele ya waliochanga.