Kutafuta na Kurekebisha Hitilafu za Saspensheni ya Mbele

Gari linapotoa mlio wa kugonga upande wa mbele kila likipita kwenye shimo, wengi hukimbilia kubadilisha shokapu, na mara nyingi kelele hubaki palepale baada ya kazi yote. Vyuma vya saspensheni, yaani mfumo unaolibeba gari juu ya magurudumu na kupunguza mtikisiko, vimeshikana, kwa hiyo mlio unaoanzia kwenye kiungo kimoja husafiri hadi kwenye bodi na kusikika kana kwamba umetoka kwingine. Kiungo kilicholegea kinapaswa kushikwa kwa mkono na kuonekana kwa macho kabla ya kununua kipuri chochote. Maelezo haya yanahusu hasa muundo wa MacPherson, ambamo shokapu husimama ndani ya springi, kwa kuwa ndio uliomo katika magari mengi madogo.

Endesha gari polepole kwenye barabara mbovu, redio ikiwa imezimwa, ukizingatia kelele inatokea wakati gani. Kugongagonga kwepesi kwenye vishimo vidogo, mwendo ukiwa mdogo, mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza, vijiti vinavyoishika nondo inayopunguza gari kulala upande kwenye kona. Kishindo kimoja kizito wakati wa kuondoka au wa kukanyaga breki huelekeza kwenye bushi (mipira ya maungio) za mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na bodi kwa chini, na gari lenye hitilafu hiyo huweza pia kuvuta upande mmoja linapofunga breki. Usukani ukikwama kisha ukaachia ghafla unapozungushwa gari likiwa limesimama, shuku beringi iliyo juu ya shokapu: fungua boneti, mwenzako azungushe usukani, nawe uweke kiganja mahali shokapu inapofungwa kwenye bodi ili uuhisi mruko huo. Mlio wa tiki-tiki unaosikika unapokata kona huku ukikanyaga mafuta hautoki kwenye saspensheni. Huo ni wa kiungo cha nje cha shafti inayozungusha gurudumu.

Kisha liegeshe mahali tambarare na ulinganishe urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia. Upande ulioshuka huenda una springi iliyovunjika, na mvunjiko huwa mara nyingi kwenye duara la chini ambako maji na uchafu hutuama. Ibonyeze kona ya gari kwa nguvu kisha uiachie: ikiendelea kupanda na kushuka, shokapu imekufa. Hata hivyo jaribio hilo halitoshi, kwa sababu shokapu iliyochoka nusu hulipita bila shida. Ichunguze basi kama inavuja. Ukungu mwembamba wa mafuta si jambo la kutisha, lakini mafuta yanayotiririka yanatosha kuihukumu.

Sasa inua gari. Weka kabari nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, vuta handibreki, na ulikalishe gari juu ya stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likiwa na ulegevu, mwambie mwenzako akanyage breki na aishikilie hapo: ulegevu ukitoweka, tatizo ni beringi ya gurudumu, ukibaki, tazama boljointi, kiungo chenye kichwa cha duara kwenye ncha ya mkono wa chini. Litikise tena ukilishika kushoto na kulia, na hapo ulegevu hutoka kwa kawaida kwenye tairodi endi (kiungo cha nje cha fimbo ya usukani) au kwenye kiungo chake cha ndani, upande wa reki ya usukani. Boljointi yenyewe ipime kwa mtaimbo uliopitishwa kati ya mkono wa chini na chuma kinachobeba beringi, kwa kubinya taratibu bila kuchana mpira wake. Katika magari ambayo springi hukalia mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono huo karibu na boljointi, la sivyo nguvu ya springi itaibana na kuuficha ulegevu.

Linki za stabilaiza nazo zina hila yake, na hapa ndipo uchunguzi wa haraka huharibika. Gurudumu moja likiinuliwa peke yake, nondo ya stabilaiza hujipinda na kuikaza linki hata ionekane nzima. Inua magurudumu yote mawili ya mbele, au yaache yote chini, kisha itikise linki kwa mkono.

Ukishakijua kiungo kibovu, ukarabati ni kazi ya uangalifu zaidi kuliko nguvu. Boljointi au tairodi endi iliyong'ang'ania hutoka kwa kulegeza nati bila kuiondoa kabisa, kisha kuligonga kwa nyundo ubavu tundu linaloishika, au kwa kutumia kifaa cha kusukumia. Kabla ya kufungua tairodi endi, tia alama kwenye uzi wake ili mpya ikae karibu na mahali pa ile ya zamani. Nati yenye kota pini, ile pini inayoizuia isilegee, ikikazwa na tundu la pini lisilingane, ikaze zaidi kidogo, usiilegeze. Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, na ile nati ya katikati juu yake haifunguliwi mpaka springi iwe imebanwa kwa kifaa chake, kwa maana springi inayofyatuka inaweza kuua.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni bushi. Mpira wake umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, kwa hiyo ukikaza bolti zake gurudumu likiwa linaning'inia, mpira utakaa umejipinda muda wote gari litakapokuwa chini, na utachanika mapema. Zishike bolti kwa wepesi tu, inua mkono kwa jeki mpaka ufike kimo cha kawaida cha gari, kisha kaza kwa kipimo cha mtengenezaji kwa kutumia spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza. Nati zenye nailoni ziwekwe mpya.

Baada ya kugusa tairodi, mkono wa chini au shokapu, gari lipelekwe kufanyiwa alaimenti, yaani kupangwa upya mwelekeo wa magurudumu, kabla tairi halijaanza kuliwa upande, na nati za magurudumu zihakikiwe tena baada ya mwendo mfupi.