Ndama wasikufie wiki za mwanzo, anza na dang'a

Wafugaji wenzangu, ndama wengi wanakufa wakiwa wachanga kabisa, na mara nyingi ukifuatilia unakuta shida ilianza siku ileile aliyozaliwa. Ndama anazaliwa karibu hana kinga kabisa, kinga anaitoa kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo, na utumbo wake unaipitisha kwenda kwenye damu kwa muda mfupi tu, kila saa inayopita uwezo unashuka na akifikisha saa 24 basi tena.

Kwa hiyo usiridhike kwamba umemuona ananyonya, saa zingine anahangaika tu na chuchu na hapati kitu. Kamua, pima, mpe kwa chupa, karibu asilimia 10 ya uzito wake, yani wa kilo 30 apate kama lita 3. Aanze ndani ya saa 2 za mwanzo, isipite saa 6. Akikataa kunyonya usimmiminie kwa nguvu, maziwa yataingia kwenye mapafu, ita daktari wa mifugo ampe kwa mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni hadi tumboni.

Kitovu nacho kichovye chote kwenye ayodini ya 7% akishazaliwa tu, sio kupakapaka juu juu, maana vijidudu vinapitia hapo alafu baadae unashangaa magoti yamevimba na anachechemea.

Malazi yawe makavu. Piga magoti pale anapolala, suruali ikilowa, badilisha nyasi.

Sasa kuharisha. Kinachomuua hapa mara nyingi ni kuishiwa maji na chumvi, ndo maana unatakiwa uwahi. Vuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili uachie, ikikawia zaidi ya sekunde 2 kurudi na macho yameingia ndani, ujue maji yamepungua. Mpe maji ya chumvichumvi ya ndama (ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi unayochanganya na maji) katikati ya milo, na maziwa usimkatie jamani, anahitaji nguvu! Asiposimama au hataki kunyonya kabisa hiyo ni dripu, mpigie daktari saa hiyohiyo. Na tuache kukimbilia sindano ya antibayotiki kila akiharisha, kuharisha kwingine ni virusi na antibayotiki haiviui, pima joto kwanza (la kawaida ni 38.5 hadi 39.5) umwambie daktari ulichokiona.

Huyo anayeharisha mtenge, ndoo na chupa yake zisiguse wenzake, na ukihudumia anza na wazima ndo umalizie kwake.