Kuweka Tahadhari za Hitilafu na Njia ya Akiba kwenye Swichi za Kiwandani

Swichi za mtandao, yaani vifaa vinavyounganisha mashine ili zibadilishane data, zinapounganishwa kwa mzunguko, kila moja ikishikana na jirani yake hadi ya mwisho irudi kwa ya kwanza, mtandao huendelea kufanya kazi hata kebo moja ikikatika. Hatari imejificha hapohapo: mashine hazisimami, hakuna anayeshtuka, na kiwanda kinabaki na njia moja bila mtu kujua. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda ambacho mtandao wake ulisemekana kuwa umekatika ghafla. Tulikuta faiba moja imeliwa na panya zamani, na ya pili ndiyo iliyokatwa na wachimba mtaro asubuhi ile. Njia ya akiba ilikuwapo, ila tahadhari haikuwapo.

Anza kazi mzunguko ukiwa wazi. Kebo moja isichomekwe mpaka itifaki ya mzunguko (kanuni za mawasiliano zinazosimamia njia ya akiba) iwekwe kwenye swichi zote, kwa sababu mzunguko uliofungwa bila itifaki huzungusha pakiti (vipande vya data) zilezile bila kikomo hadi mtandao mzima ulemewe. Ikiwa swichi zako zote zinaikubali MRP (Media Redundancy Protocol), itifaki ya mzunguko ya kiwango cha IEC 62439-2, itumie: teua swichi moja tu kuwa msimamizi, zilizobaki ziwe wateja, na kwenye kila moja taja poti mbili za mzunguko, ukizima RSTP (Rapid Spanning Tree Protocol, itifaki nyingine ya kuzuia data isizunguke bila kikomo) kwenye poti hizo. Msimamizi huzuia data kwenye poti yake moja na kuzungusha pakiti za majaribio; zisiporudi, huifungua poti hiyo. Kwa mzunguko wa hadi swichi 50, mpangilio wa milisekunde 200 hutosha kwa mitambo mingi. Pasipo na MRP, RSTP itafaa, ingawa muda wake wa kurejea hautabiriki kwa urahisi hivyo.

Sasa relei ya tahadhari, yaani kiwashio kidogo ndani ya swichi kinachofunga au kufungua waya wa tahadhari, ambayo mafundi wengi huiacha bila waya. Terminali zake kwa kawaida ziko jirani na za umeme. Zima swichi, pima kwa multimita, kisha chagua mguso unaofungwa swichi ikiwa nzima na kufunguka panapotokea hitilafu. Kwa namna hiyo, umeme ukikatika au waya wa tahadhari wenyewe ukichomoka, PLC (kompyuta inayoendesha mitambo) itaona vilevile. Soma kwenye lebo ni ampea ngapi relei inabeba, na usiitumie kuwasha king'ora kikubwa moja kwa moja.

Katika mipangilio, washa tahadhari kwa poti za mzunguko na kwa ingizo zote mbili za umeme. Usiiwashe kwa poti ya kompyuta ya ofisini inayozimwa kila jioni, maana taa inayowaka kila siku haitazamwi tena. Ingizo mbili zinazotoka kwenye breka moja nazo ni akiba ya jina tu.

Ongeza ujumbe wa SNMP (itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao) kwenda chumba cha udhibiti, lakini usiutegemee peke yake: trapu, yaani ujumbe huo wa tahadhari, husafiri kwa UDP (njia ya kutuma data isiyosubiri jibu), poti 162, bila kuthibitishwa kupokelewa, na inaweza kupotea wakati uleule mzunguko unapobadili njia.

Chomeka kebo ya mwisho, endesha ping (jaribio la kuona kama kifaa kinajibu) mfululizo, kisha chomoa kebo moja baada ya nyingine, ukirudisha kila moja na kusubiri mzunguko ufunge kabla ya kugusa inayofuata. Fanya vivyo hivyo kwa kila ingizo la umeme, mwenzako akiitazama taa kule chumba cha udhibiti. Kisha hifadhi mipangilio kwenye kumbukumbu ya kudumu na uiwashe upya kila swichi, kwa kuwa nyingi husahau kila kitu zikizimwa kabla ya kuhifadhi.