Somo: Siafu wamevamia nyumba, wamekuuma, ufanye nini?

Masika yakishika, huku kwetu Amani, milima ya Usambara Mashariki, siafu huhama kwa mamilioni. Kila mwaka naulizwa: wanaua?

Mtu mzima mwenye nguvu zake, hapana. Siafu hukata kwa taya, sumu si silaha yake kubwa. Hatari ni kwa asiyeweza kuondoka: mtoto mchanga, mgonjwa wa kitandani, mzee asiyejiweza, mlevi aliyelala njiani. Wakimfunika huingia puani na mdomoni. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihusu dawa kabisa.

1. Toa wasiojiweza. Mbebe mtoto, msaidie bibi, ndipo ufungue banda la kuku na kukata kamba ya mbuzi. Kuku waliofungiwa huliwa wakiwa hai. Vyombo uviache, haviliwi.

2. Toka kwenye msafara kwanza, ujikung'ute baadaye. Siafu vibarua hawana macho. Harufu na mtikisiko ndivyo vinavyowaongoza. Ukirukaruka hapo hapo unawaita wengine.

3. Vua nguo. Zote, aibu weka kando. Wengi hupanda kimya hadi mapajani kabla hujasikia wa kwanza.

4. Shika kichwa cha siafu. Askari mwenye kichwa kikubwa haachii. Ukimvuta tumbo anakatika, taya zinabaki nyamani. Tumia kibano au kucha, ubane kichwa chenyewe.

5. Osha kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa cha maji baridi kwa dakika 10. Kata kucha za watoto wasijikune. Kuwasha kukizidi, setirizini (dawa ya mzio) ya duka la dawa inatosha. Dozi ya mtoto muulize mfamasia. Mafuta ya taa, maji ya betri na dawa ya meno visiguse kidonda. Nimeona ngozi iliyoungua vibaya kwa tiba hizo kuliko kwa siafu wenyewe.

Maswali ya wanachama

*Dada, nipulize dawa ya wadudu ndani?*
Kama watu wote wametoka, waache siafu wapite. Kwa kawaida huondoka baada ya saa kadhaa, wakiwa wamekula mende na hata vitoto vya panya. Wazee wetu huwageuza njia kwa jivu la moto mlangoni.

*Assalaam alaykum. Niko Muscat. Binti yangu alichomwa na chungu mdogo mweusi, midomo ikavimba.*
Waalaykum salaam. Hilo ndilo swali zito kuliko yote hapa. Huko Ghuba yuko chungu aitwaye samsum, anayechoma kwa mwiba wa nyuma, na kwa wenye mzio amesababisha hata vifo. Midomo au ulimi kuvimba, kifua kubana, vipele mwili mzima, kizunguzungu: ni hospitali saa hiyo hiyo, akachomwe sindano ya adrenalini pajani. Njiani mlaze miguu juu. Akihema kwa shida mkalishe. Vidonge vya mzio peke yake havitoshi. Hata kama alipona, mpeleke kwa daktari wa mzio kabla hajachomwa tena.

*Shikamoo. Mtwara hapa, majimoto wa mikorosho wamenirushia maji jichoni.*
Marahaba. Majimoto ni chungu wa mitini, na maji hayo ni asidi. Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, usilisugue. Likibaki jekundu au ukiona ukungu, nenda kituo cha afya. Ila usiwachome moto majimoto, wanakula mbu wa mikorosho, mdudu anayeharibu zao hilo. Vaa mikono mirefu na kofia unapovuna.

*Nimeumwa juzi, leo pana usaha na joto.*
Hapo vijidudu vimeingia, hasa kwa kujikuna. Nenda zahanati leo, na useme mara ya mwisho ulipochanjwa pepopunda. Ukiwa na kisukari, usingoje hata usaha.